Pishi Imo Mkononi mwa Nani?



Msimu uliopita, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, tulifika katika kambi mojawapo ya wachumaji tukakuta ngazi zimelazwa chini na watu wamekaa juu ya vikapu vilivyopinduliwa. Hapakuwa na kelele wala matusi. Watu wamekaa tu. Juu ya miti karafuu zilikuwa zimekwisha komaa, vikonyo vimeanza kuwa vyekundu, na hapana mkulima asiyejua kwamba karafuu haimngojei mtu: ikishafunguka ua, thamani yake imekwisha shuka. Tukauliza kuna nini. Hatukupata jibu.

Sisi tulikuwa na barua mfukoni, imepigwa muhuri wa chama, isemayo kwamba kamati imetuweka kusimamia uchumaji katika mashamba ya wanachama waliounganisha kazi zao mwaka ule. Tukaitoa, tukaisoma kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho. Tulipomaliza, kijana mmoja alifunika mdomo akapiga mwayo. Hayo ndiyo yote tuliyoyapata kwa muhuri ule.

Baadaye kidogo akaja mzee mmoja, mkubwa wa kundi la wachumaji. Umri wake umekwisha pita kupanda miti; kazi yake sasa ni kuchambua pamoja na wanawake na kuwatazama vijana walio juu. Tukampa shikamoo. Aliitikia, kisha akauliza, "Mwanangu katibu, ile pishi ya chama iko wapi?"

Tukamwambia imo ghalani, imefungiwa.

"Na ufunguo?"

Tukamwambia tunao sisi.

"Basi ilete, watu waione mchana."

Tukaileta. Mzee akaijaza karafuu mbichi mpaka zikafanya kilima, akawaonyesha watu. "Hii ndiyo pishi ya jana jioni," akasema. Kisha akaokota kijiti kilichonyooka, akakipitisha juu ya mdomo wa pishi, karafuu za juu zikaanguka jamvini. "Na hii ndiyo pishi ya mfuto. Pishi tuliyoagana ni hii. Sasa, mwanangu, zilizoanguka hizi ni za nani?"

Hatukuwa na la kusema. Akapima pishi kumi kwa namna ya jana, na kila mara akafuta na kuziweka pembeni zile za juu. Zilipokusanywa zile za juu zikajaza pishi ya kumi na moja, na nyingine zikabaki. Tukakubali mbele ya watu wote kwamba kila aliyepimiwa jana atalipwa pishi moja zaidi katika kila kumi. Hatukuwa na ruhusa ya kamati kufanya hivyo, na kamati ilitutaka maelezo baadaye, tukayatoa. Mzee hakutoa amri yoyote. Alirudi kwenye jamvi lake akaendelea kuchambua, na kabla hajakaa vizuri ngazi zilikwisha simama mitini.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza jambo moja, na leo twaona yafaa tuwaulize na ninyi. Sisi tulikuwa na cheo, barua, ufunguo na fedha za kulipa. Yeye hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Kwa nini watu walimsikiliza yeye?

Wako wataalamu waliolichungua jambo hili. Mwaka 1959 Wamarekani wawili, John French na Bertram Raven, waliandika kwamba nguvu ya mtu juu ya wenzake hutoka mahali patano. Ya kwanza ni ujira anaoweza kuutoa, na ya pili ni adhabu anayoweza kuileta. Ya tatu ni cheo ambacho watu wamekikubali kuwa ni haki yake. Ya nne ni ujuzi, na ya tano ni mapenzi na heshima, mtu kutaka kuwa kama yeye au kuwa upande wake. Tukijipima kwa hesabu hiyo, sisi asubuhi ile tulikuwa na tatu za mwanzo, na mzee alikuwa na mbili za mwisho. Lakini hata hiyo ya cheo tulikuwa tumekwisha ipoteza usiku bila ya kujua, maana cheo ni kitu cha kukubaliwa. Kamati iliandika, lakini waliotakiwa kukubali ni wale waliokaa juu ya vikapu.

Katika visiwa vyetu habari hii si mpya. Zamani za mashamba makubwa, kabla hali ya utumwa haijaondolewa katika sheria mwaka 1897, shamba la karafuu lilikuwa na wakubwa wake kwa daraja. Juu alikuwapo msimamizi, aliyewekwa na mwenye shamba, na mara nyingi alikuwa mtu huru. Chini yake alikuwapo nokoa, na chini ya nokoa alikuwapo kadamu, na hawa wawili mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Hebu fikirini hali ya nokoa. Anapaswa kumtii msimamizi, na jioni anarudi kulala pamoja na wale aliowasimamia mchana. Akiwaelemea mno, hana pa kukaa. Akiwalegezea mno, fimbo inamrudia yeye. Hatusemi haya kuusifu mpango ule, Mungu apishe mbali. Ulisimama juu ya dhulma, na aliyekuwa chini hakuwa na njia ya kukataa. Twasema tu kwamba hata pale ambapo fimbo ilikuwapo na sheria iliiruhusu, mwenye shamba aliona hawezi kuchuma karafuu zake bila ya mtu wa katikati anayeijua miti na kuwajua watu. Fimbo haiwezi kumwambia mchumaji tawi lipi litakatika.

Baadaye ikaja nguvu ya namna nyingine, isiyo na fimbo. Wazee wetu wanaikumbuka bei khiyari. Mkulima aliyehitaji fedha, ya kupalilia, ya kuchuma, au ya arusi, aliliuza shamba lake kwa sharti la kulikomboa kwa muda waliopatana, naye akabaki humo humo akilipa kodi kama mpangaji. Kwa macho ya watu alikuwa bado ni bwana shambani kwake. Lakini karafuu zikikauka alijua za kumpelekea ni nani, na kwa bei ya nani. Yule mwenye fedha hakuwa na haja ya kupaza sauti wala kufika shambani. Twadhani hiyo ndiyo nguvu iliyo kubwa kuliko zote katika kazi, ile ambayo aliye chini yake ndiye anayekuja mwenyewe mlangoni, tena anabisha hodi kwa adabu.

Kwa ajili ya madeni hayo, pamoja na kuyumba kwa bei, Serikali ya wakati ule iliisimamisha kwa sheria mwaka 1934 Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyojulikana kwa herufi zake C.G.A. Mwaka 1937 ikapewa kwa sheria amri ya biashara ya karafuu ziendazo nje. Kwa karatasi hapakuwa na nguvu kubwa kuliko hiyo katika visiwa hivi. Kilichofuata twakijua. Wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa wakagoma kununua. Kule India, ambako karafuu zetu nyingi zilikuwa zikienda, chama cha Congress kikawaunga mkono na karafuu za Zanzibar zikasuswa. Miezi ikapita na magunia yamelala maghalani. Mwezi wa Mei 1938 yakapatikana masikilizano: wafanyabiashara wakarudi sokoni, na msafirishaji akatakiwa kununua sehemu ya karafuu zake kutoka kwa Jumuiya. Yaani sheria ilipata kazi yake pale tu wale wengine walipokubali kurudi mezani. Muhuri ule ulikuwa mkubwa zaidi kuliko wetu, lakini mwayo ulikuwa ule ule.

(Msomaji ataka tuseme na habari za mnunuzi wetu wa leo, Shirika la Biashara la Taifa, lililoanza mwaka 1968. Tutasema siku nyingine, na tutasema kwa urefu. Leo twajisema wenyewe.)

Na hapa ndipo penye uzito, wanachama. Huyo mpimaji aliyeweka kilima juu ya pishi si mwizi. Tulimwita tukamwuliza. Akasema kwamba wenye mashamba wawili watatu walimwambia ajaze vizuri, kwa sababu karafuu mbichi ikikauka hupungua sana, kilo tatu zikarudi moja, na mkulima asiingie hasara. Tukamwuliza kama na sisi tulimwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hukuniambia, bwana katibu. Lakini ulikuwa ukipita hapo na ukiona."

Ni kweli, tulikuwa tukipita na kuona. Na kilima kile hakikuingia mfukoni mwa mpimaji, kiliingia katika magunia yetu sisi wanachama. Kila anayesoma gazeti hili na ambaye shamba lake lilikuwamo katika mpango ule, alikunywa chai ya sehemu ya kilima kile. Kupungua kwa karafuu juani kumekwisha hesabiwa katika ujira wa pishi tangu siku ya kupatana. Kukuhesabu tena juu ya mdomo wa pishi ni kupunja, na waliopita chuoni wanajua kwamba imo sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo.

Sasa tuna la kuungama, na twaona tuliseme hapa kuliko lisemwe barazani.

Chama kilinunua maturubali ya kufunikia karafuu wakati wa kuanika, maana majamvi peke yake hayastahimili mvua ya vuli. Maturubali ni machache na waombaji ni wengi. Kwa hiyo iliandikwa orodha ya zamu, na orodha ikawekwa kwetu, katika daftari letu, ndani ya mtoto wa meza. Hakuna aliyefikiri kwamba hicho ni cheo. Katiba ya chama haikitaji. Lakini kabla ya mwezi kwisha tuliona mambo yamebadilika. Tulianza kutolewa salamu tangu mbali. Katika arusi tukakaribishwa kukaa mbele. Mkungu wa ndizi ukaja nyumbani, na aliyeuleta akasema ni salamu tu. Na wale waliokuwa wakitubishia mikutanoni kuhusu hesabu wakaanza kukubali kila tunalolisema. Sisi tukafikiri tumekuwa wasemaji hodari.

Alikuwapo bibi mmoja, mwanachama, mjane, ambaye hakukubali. Alisimama katika mkutano akauliza fedha za kamba zimekwenda wapi, tena akauliza mara ya pili. Fedha zilikuwapo, na risiti zilikuwapo, lakini namna alivyouliza haikutupendeza. Zamu yake ya turubali ilipokaribia, akaja mwenye mkungu wa ndizi na haja ya haraka, tukamtanguliza. Kisha akaja mwingine. Jina la bibi yule hatukulifuta, tulilisogeza tu. Siku moja alipita ofisini akatuuliza zamu yake ni lini. Tukamjibu, "Subiri kidogo, mama." Akasubiri.

Mvua ikanyesha siku tatu. Karafuu zake zilikuwa jamvini, nusu zimekauka. Aliziingiza ndani akazitandaza sakafuni chumbani, lakini karafuu mbichi zilizorundikwa bila ya jua hupata joto na ukungu. Zilitoka zimepauka, nyepesi, na harufu si yake. Kituoni zikashushwa daraja. Alipokea fedha zake, akahesabu, akafunga katika kanga, akaondoka. Hakutuuliza kitu tena, wala mkutano uliofuata hakuja.

Katika ile hesabu ya mahali patano, ujira na adhabu tumezitaja. Sisi tulikuwa na zote mbili ndani ya daftari la kurasa thelathini na mbili, na hatukujua mpaka tulipomwumiza mtu. Twaamini ndivyo zinavyopatikana nguvu nyingi kazini. Mtu anapewa ufunguo kwa sababu anaishi karibu. Anapewa daftari kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Anapewa pishi kwa sababu mkono wake haukai bure. Baada ya msimu mmoja watu wanamwogopa, na yeye anadhani wanamheshimu. Wa mwisho kujua tofauti yake ni yeye.

Bibi mmoja wa Marekani, Mary Parker Follett, aliyefariki mwaka 1933, aliwahi kuwaambia wakubwa wa kazi, mwaka 1925, maneno ambayo sisi tunayafahamu vizuri zaidi kwa ajili ya mvua zetu. Alisema kwamba amri isiwe ya mtu kumwamuru mtu. Anayeamuru na anayeamriwa waitazame kazi yenyewe pamoja, na hali ya kazi ndiyo itakayowaamuru wote wawili. Nani kati yetu hajaona jambo hilo kwa macho? Wingu likitanda, mtoto wa miaka minane akipiga kelele "Anueni!", watu wazima wote watakimbia, na mwenye shamba atakimbia kuliko wote, na hakuna atakayeuliza mtoto huyu ana cheo gani. Mvua ndiyo iliyoamuru. Yule mzee wetu alifanya kama mtoto yule. Hakusema "nisikilizeni." Aliitoa pishi nje, akakipitisha kijiti, watu wakaona kilichoona na yeye. Bibi Follett alitenga nguvu iliyo juu ya watu na nguvu iliyo pamoja na watu. Tulipomsimulia mzee habari hiyo alicheka, akasema kumbe na Wamarekani wanapima karafuu.

Basi tumeyapeleka haya yote mbele ya kamati, pamoja na habari ya bibi yule. Kamati imekubali kwamba tofauti ya daraja ya karafuu zake ilipwe. Sisi tumeomba itoke katika posho yetu ya ukatibu, na hilo litaamuliwa na mkutano mkuu. Tulikwenda kwake kumwambia, tukasimama uani. Alisema, "Fedha nitapokea, katibu. Lakini ile orodha itakaa wapi?"

Swali lake ndilo litakalokuwa mbele yenu, nalo tumeliandika katika mambo ya mkutano. Mapendekezo ni haya. Pishi ya chama ifungwe kijiti chake cha kufutia kwa uzi usiokatika, ipimiwe uwanjani mbele ya mchumaji, isipimiwe ghalani. Mkubwa wa wachumaji awe na haki ya kuishika wakati wowote. Ghala liwe na kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Orodha ya maturubali ibandikwe mlangoni, majina yakifuatana kwa siku ya kuchuma, na katibu asiwe na amri ya kuibadilisha.

Katika kamati wako wanaopinga, na ni haki mkayajua mawazo yao kabla ya kuja. Wanasema kwamba mkubwa asiye na kitu mkononi hasikilizwi. Kwamba wachumaji wakipewa pishi kesho watataka mizani. Na kwamba katibu aliyenyang'anywa daftari atakuwa karani wa kupokea barua tu. Wana hoja. Kazi ya uchumaji ina haraka, na siku nyingine hapana budi mtu mmoja aseme na wengine wafuate, hasa mtu anapoanguka mtini au lori linapongojea. Hatutaki kamba na ngazi zipigiwe kura kila asubuhi. Lakini tuliowauliza kuhusu kilima cha juu ya pishi, kwamba kilikuwa cha haraka gani, bado hawajatujibu.

Wengine wanasema kwa sauti ndogo kwamba pishi ya mfuto itawapunguzia magunia. Itawapunguzia. Atakayepinga kwa sababu hiyo tunamwomba aiseme mkutanoni, asiifiche nyuma ya habari za nidhamu.

Mkutano utakuwa kabla ya ngazi kutolewa, na tarehe mtaipata kwa wajumbe wa matawi. Wakubwa wa makundi ya wachumaji wamealikwa, ingawa hawatapiga kura. Yule mzee amesema atakuja ikiwa magoti yatamruhusu. Kila mwanachama mwenye pishi nyumbani kwake aje nayo, kubwa au ndogo, ya mti au ya bati, tuzilinganishe zote kwa mchele mmoja, maana tumesikia kwamba hazilingani. Ya chama tutakuja nayo sisi, pamoja na lile daftari na ufunguo.